Neno Lililobaki Njiani

Tegeni masikio. Na yule mjuaji wa kila kitu asogee mbele, leo tutamwona.

Walikuwako watu watatu wasiowahi kupeana mkono. Walikutana kwenye kundi la simu liitwalo Kijiwe cha Shida, ambako watu hupeleka simu mbovu na ndoa mbovu pamoja. Lugendo wa Kilosa alijua kumtuliza mwenye hasira. Bi Mashavu wa Pangani alijua kusoma moyo wa mtu katika maandishi yake. Hamdu, fundi simu wa Kondoa, alizijua simu kuliko mamake alivyomjua yeye, na hakuchoka kusema hivyo.

Kundini alikuwamo Nyamizi, muuza viatu vya mitumba mjini Mwanza. Miaka sita hakusemezana na babake, mzee Kashindye wa Sikonge, tangu alipomkataa mume aliyechaguliwa. Siku moja akasikia mzee yu mahututi. Akamwandikia: "Baba, nije?"

Jibu likaja: "Usije."

Nyamizi alilisoma neno lile mpaka herufi zikamcheza machoni. Akaliweka kundini, akaongeza: "Sawa. Namfungia namba. Hata msiba wake nisiitwe."

Lugendo akawahi. "Dada, ngoja. Mimi nilimfungia kaka yangu namba. Siku naifungua, yeye keshafukiwa. Weka simu chini, unywe maji." Nyamizi akaweka simu chini, akanywa maji.

Bi Mashavu akauliza, "Mwanangu, zamani babako alikuandikiaje?" Nyamizi akachimbua ujumbe wa kale, akautuma: Kula. Vizuri. Mwanangu. Kila neno peke yake, maana mzee alisaka herufi kwa kidole kimoja, na neno akilipata hulituma upesi lisimponyoke. "Basi huyo hajamaliza kusema," akasema Bi Mashavu. "Kuna neno limebaki njiani."

Hamdu naye: "Hapo juu kwenye kioo hakuna alama kwamba simu imejaa?"

"Ipo tangu jana."

"Ipo tangu jana, na wewe unamnunia mzee! Simu imeshiba: imemeza neno moja la mwisho, meseji za kawaida haimezi tena. Futa hayo mapicha ya viatu."

Nyamizi akafuta viatu mia nne. Simu ikalia.

"Ukachelewa."

*Usije ukachelewa.* Hata mlango wa kibanda hakuufunga vizuri. Alipanda basi la kwanza.

Alimkuta hai. Siku mbili akamnywesha uji, akamshika mkono, akamwambia kwamba peke yake asingefika. Siku ya tatu mzee akasema, "Aliyekuleta kwangu naye ni mwanangu. Mpe kigoda changu, akikalie." Akafumba macho, hakuyafumbua tena.

Matanga yalipoanuliwa, Nyamizi akalifikisha neno hilo kundini.

"Mimi ndiye niliyelifungulia neno mlango," akasema Hamdu.

"Ungelitafuta vipi usilojua kama limepotea?" akauliza Bi Mashavu.

Lugendo akasema taratibu, "Na namba ingefungwa, lingeingilia wapi?"

Mchekeshaji mmoja akadakia, "Kigoda kina miguu mitatu, kila mtu abebe wake!"

"Na makalio mtayaweka wapi?" akajibiwa.

Nyamizi hakucheka. Kigoda kilikuwa mbele yake, kitupu, kimeng'arishwa na miaka ya kukaliwa na mtu mmoja.

Haya, mjuaji uliyesogea mbele, usianze kurudi nyuma. Kigoda ni kimoja, na marehemu haulizwi mara ya pili. Je, wewe ungemkalisha nani?