Makaa ya Bi Mwanakombo

"Makaa yasiyotema hayamezi." Nimemwambia hivyo Mwanapili kwa sababu tangu asubuhi kamnunia dada yake, na sahani ya wali kaisukuma pembeni kana kwamba mimi ndiye niliyemkosea. Sasa nyote mnaniuliza methali hiyo nimeitoa wapi. Sogeeni. Hata wewe uliyenuna sogea, masikio hayanuni.

Chanzo chake ni hapahapa Kiwambani, kwenye pipa la maji.

Visima vyetu mnavijua. Maji yake ukipikia chai, sukari inakata tamaa. Tulikuwa tumezoea. Lakini mwaka ule Saumu, binti wa jirani yangu Mwanakombo, alibeba mimba yake ya kwanza, miguu ikavimba, presha ikapanda. Muuguzi wa zahanati akamwambia, "Maji ya chumvi uyaache, la sivyo tutakupoteza wewe na mtoto." Ayaache anywe nini? Hilo hakulisema.

Ndipo akaja fundi Hatibu, kijana wa mjini, na mtambo wake. Maji ya kisima yalitiwa kwenye pipa la juu, yakapita polepole katikati ya vibao viwili vyembamba vya makaa. Umeme wa jua ukipita kwenye vibao, chumvi inavutwa na kunasa humo, na maji yanatoka matamu. Vibao vikishiba, unageuza swichi, vinaitema chumvi yote kwenye maji kidogo, na maji hayo unayamwaga.

Vibao vyake vya kwanza vilikuwa dhaifu, vinashiba upesi kama bwana harusi mwenye haya. Hatibu akataka makaa bora zaidi, ya vifuu vya nazi, yachomwe mara mbili mpaka yajae vitundu visivyoonekana kwa macho, maana chumvi hujibanza humo. Tukachoma sisi wanawake. Moshi ule ulinitoa machozi kuliko msiba wa mume wangu, ingawa marehemu naye hakustahili mengi.

Vibao vipya vilipofungwa, maji yalitoka matamu. Hatibu akamkabidhi Mwanakombo mtambo, akamwonyesha swichi, akamwambia maji ya kutema yamwagwe mbali. Mwanakombo akaitika, "Haya, mwanangu," kama tunavyomwitikia mgeni yeyote. Hatibu akarudi mjini.

Haukupita muda, chumvi ikarudi. Hatibu akaja, akaonja, akakunja uso. "Vifuu havikuiva," akasema. Tukachoma tena. Akabadilisha vibao, akaondoka, chumvi ikarudi kali kuliko ya kisimani. Saumu sasa alikuwa hawezi kuvaa hata ndala.

Hatibu alipokuja tena alitukuta tukimngoja pale penye pipa, na hakuna aliyemkaribisha.

"Umetuchomesha vifuu kama watumwa," nikamwambia. "Mikono yangu itazame. Nikifa leo wataniosha kwa brashi."

"Bibi, mnachoma vibaya. Makaa mabichi hayashiki chumvi."

"Mbichi ni wewe," Mwanakombo akasema. "Mwanangu anakufa, nawe unakuja hapa kusema makaa. Chukua kopo lako uende nalo."

"Mama, mtambo huu nimeujaribu kwa mikono yangu. Maji yanayotemwa unayamwaga wapi?"

Mwanakombo akamtazama kama aliyetukanwa. "Nimwage maji? Mimi nina wazimu?"

"Unayafanya nini basi?"

"Nayarudisha pipani. Yasafishwe tena."

Nanyi msimcheke. Kiwambani maji yaliyooshea vyombo yanapewa mbuzi, yaliyonawiwa mikono yanapewa mpapai. Mtu akimwaga maji ovyo, jirani hamwamkii. Nani kati yetu angeyamwaga? Mimi nisingemwaga.

Hatibu akapaza sauti kwa hasira. "Chumvi niliyoitoa unamrudishia, mama. Siku zote hizi. Unamnywesha mwanao matapishi ya makaa."

Mwanakombo akaikumbatia ndoo ya maji yale, hataki kuiachia. Saumu ndiye aliyeinuka, kwa miguu yake ile, akamnyang'anya mama yake ndoo na kuimwaga mchangani mbele yetu. Kisha akalimwaga pipa zima, tukalijaza upya kisimani. Jioni akanywa maji matamu kwa vibao vilevile tulivyovilaani.

Wote tukapoa, isipokuwa Mwanakombo. Alijifungia ndani, hali, hanywi, hasemi na mtu. Saumu akampelekea kata ya maji matamu, mama akageukia ukuta. Akampelekea uji, akageukia ukuta. Mwisho Saumu akakaa sakafuni, tumbo mbele, akasema, "Mama, makaa yasiyotema hayamezi. Unakufa na chumvi yako, nami bado nakuhitaji."

Mwanakombo akatoka. Akamfuata Hatibu pale penye mtambo, akamtukana kuanzia utosini mpaka kandambili, kwamba alileta mashine kwa watu asiowauliza wanaishije. Kisha akajitukana mwenyewe kwa kuitika "haya" bila nia ya kutii. Hatibu alisikiliza yote, kichwa chini. Alipomaliza, Mwanakombo akaomba kata, akanywa mpaka tukamhofia tumbo.

Saumu alijifungua salama. Mtoto ndiye yule Kombo anayeniibia mapapai yangu, kisha anaapa ni popo.

Basi, Mwanapili, mgeukie dada yako. Mwambie lote ulilomfungia moyoni, hata lile baya, nami nitajifanya kiziwi. Ukimaliza, vuta sahani yako, wali unapoa. Makaa yasiyotema hayamezi.