Kikonyo cha Mwegea

Mama mmoja alikuwa na madebe mawili ya mtama wa kupeta, na alikuwa hajamaliza la kwanza habari ilipomkuta. Jina lake Apondi, mjane. Aliyeileta habari ni Ong'ondo, mdogo wa marehemu mumewe, naye alisimama mbali kidogo na ungo ili makapi yasimwingie machoni.

"Shemeji, weka ungo chini. Tunda la mwegea limeanguka, na jana hapakuwa na upepo."

Apondi hakuuweka chini. Alipeta mtama uliokuwamo mpaka ukawa safi, akaumimina kwenye debe, ndipo akauliza, "Nani kasema ni la kwangu?"

"Kuna mwingine hapa aliyepotelewa na mtu? Wameshaanza kuchimba."

Kando ya mto wa kijiji hicho palikuwa na mwegea mmoja mkubwa. Matunda yake hayakai tawini kama ya miti mingine. Huning'inia kwa vikonyo virefu kama kamba, na moja huwa refu kama mkono wa mtu mzima na zito kama mtoto wa kunyonya. Wazee walisimulia kwamba mti huo hupewa habari za waliokufa mbali. Mtu akifia ugenini, tunda huanguka bila upepo. Basi watu huliokota, huliosha, hulivika nguo ya yule mtu na kulizika badala ya mwili wake, ili naye apate pa kulala na waliobaki wapate kuendelea. Ilikuwa desturi ya huruma na imewatuliza wengi. Lakini aliyezikiwa tunda hana ruhusa ya kurudi. Walisimulia pia juu ya mtu aliyerudi baada ya tunda lake kuzikwa. Alibisha mlangoni kwa mama yake toka asubuhi hadi jioni, na ndani hakuna aliyeitika, kwa kuwa mzimu haujibiwi. Jioni akaondoka. Watu wakasema mzimu umekubali kwenda zake.

Mtoto wa kwanza wa Apondi, Otiato, aliondoka miaka mitatu kabla ya siku hiyo kwenda kukata miwa kwenye mashamba ya mbali. Mwaka wa kwanza alituma salamu mara mbili, kisha kimya. Nyumbani walibaki dada yake Awino na mdogo wake Ogola, mwanamume wa miaka ishirini na sita, mwenye mchumba. Kwa desturi yao mdogo hajengi nyumba kabla ya mkubwa. Mkubwa akiwa hai, mdogo angoje. Mkubwa akishazikwa, mdogo ajenge na kuoa. Wazazi wa msichana walikuwa wamesema watangoja hadi mavuno, basi.

Kila jioni Apondi alipakua sahani ya Otiato pamoja na za wengine. Wakishamaliza kula na yeye hajatokea, sahani ile hugawanywa, maana Apondi hakuwa mtu wa kulaza chakula. Majirani walicheka wakisema Apondi anamlisha mzimu. Naye aliwajibu, "Mzimu gani huo unaowapa watoto wangu ziada kila siku?"

Siku ya kuzika, tunda lililazwa mkekani likiwa na shati kuukuu la Otiato. Shimo lilikuwa tayari. Lilibaki jambo moja. Mama aliyemzaa marehemu ndiye anayelipa tunda jina, na bila jina hilo kilicholala mkekani ni tunda tu.

Apondi akapiga magoti. Watu walidhani analia. Alikuwa anatazama kikonyo. Tunda likidondoka lenyewe, kikonyo hukatika palipokauka, na mwisho wake huwa umesambaratika kama ncha ya kamba kuukuu. Hiki kilikuwa kibichi, kimekatwa mshazari kwa pigo moja la panga. Akainua uso. Watu wote walikuwa wanamtazama yeye, isipokuwa Ogola, aliyekuwa anatazama vidole vya miguu yake mwenyewe.

Hapo akajua. Akilitaja jina, Otiato hana tena mlango wa kurudia. Akikionyesha kikonyo, Ogola hatapewa mke katika nchi ile wala nyingine, maana nani atamwoza binti yake kwa mtu aliyemkatia ndugu yake tunda? Alikuwa na wana wawili, na tunda moja lilikuwa karibu kuwameza wote.

Alikivunja kikonyo, akakifunga kwenye pindo la kanga, akasimama, akapangusa magoti.

"Jina la mwanangu silitoi," alisema. "Mwenye nguvu za kuchimba ana nguvu za kutembea, na aende akanitafutie."

Watu wakaguna. Katika miaka mitatu hiyo walikuwa wameutazama mti, lakini hakuna hata mmoja aliyekuwa ameshika njia.

"Shemeji," Ong'ondo akasema kwa hasira, "shimo likishachimbwa halikai tupu. Litaita mtu."

"Halitakaa tupu. Nitalipatia kazi."

Akalivua tunda shati, akalitia kwapani, akaenda nalo nyumbani. Asubuhi yake alijaza shimo samadi na udongo, akapanda mbegu za maboga. Shati akalifua.

Jioni ya siku hiyo aliweka kikonyo kando ya sahani ya Ogola. Ogola alikitazama, na tonge likamkwama mkononi.

"Mama..."

"Kula. Safari ni ndefu."

Ogola akaondoka alfajiri, na viazi vya kuchemsha kwenye mfuko.

Wiki sita zilipita. Sasa sahani zisizo na mtu zilikuwa mbili, na wa kugawiwa alikuwa Awino peke yake. "Mama, nimechoka kushiba kwa niaba ya watu," alisema. Kisimani wanawake walinong'ona kwamba Apondi alikuwa amepotelewa na mmoja, na sasa ameongeza wa pili kwa mdomo wake mwenyewe. Aliwasikia. Kuna asubuhi alisimama na ndoo kichwani akitazama njia mpaka maji yakammwagikia mabegani, akarudi kuteka mengine. Mzazi akimtuma mtoto kumtafuta mtoto, amewaweka wote wawili njiani. Lakini kila jioni alipakua.

Siku ya arobaini na tatu, mchana, Apondi alikuwa anachuma majani ya maboga aliposikia Awino akipiga kelele barabarani. Kelele zile zikageuka vigelegele, na vigelegele vikapokewa nyumba kwa nyumba kupanda kilima, mpaka wasiojua sababu nao wakavipiga. Watu wawili walikuwa wanakuja. Mmoja alikuwa anachechemea, mkono mmoja kwenye gongo na mwingine begani kwa ndugu yake.

Trela la miwa lilikuwa limemvunja Otiato mguu, nao ukaunga vibaya. Aliona aibu kurudi kilema na mikono mitupu, akajiambia atangoja mpaka apate kitu. Kisha mpita njia kutoka kwao akamwambia kwamba nyumbani wanasema amekufa. Akafikiri, basi na iwe hivyo, akabaki akilinda ghala la watu. Ogola alimkuta kwenye shamba la nne. Kabla ya salamu alimwambia la kwake: "Kaka, nilikukatia tunda."

Otiato aliegemea gongo lake. Kisha akasema, "Hukungoja hata liive?" Wakacheka huku wanalia, na kesho yake wakaanza safari.

Kwenye lango la boma Ong'ondo alikuwa amesimama katikati ya njia, hajui ampishe au amzuie. "Wewe ni mtu," akauliza, "au ni nini?"

"Baba mdogo, mzimu una haja gani ya gongo?"

Ong'ondo akamgusa mkono, akamgusa na uso. Kisha akaita jina lake kwa sauti iliyofika mtoni, "Otiato!", na wote waliokuwapo wakaliita, mara ya pili, mara ya tatu. Jina walilolitaka siku ile kwa ajili ya shimo, sasa walilitoa bure, na mwenyewe akawa anaitika kila walipoliita.

Apondi hakupiga vigelegele. Alimtazama mwanawe kuanzia kichwani hadi miguuni, akasema, "Nawa miguu."

Mlango wa nyumba yake ulikuwa na ubovu wa kujifunga wenyewe, na tangu siku ile tunda la mwegea, sasa limekauka na kuwa gumu kama gogo, lilikuwa limewekwa pale chini kuuzuia. Otiato alisimama mbele ya tunda lile.

"Hili ndilo mimi?"

"Ndilo. Pita."

Giza halijaingia, chakula kilikuwa tayari: ugali wa mtama na majani ya maboga yaliyopikwa kwa maziwa. Ong'ondo aliapa kwamba hali mboga iliyoota kaburini. Alionja kidogo kwa adabu, na muda si mrefu akasogeza sahani aongezewe. Otiato akasema kesho ataanza kusimamisha nyumba yake, ili mdogo wake asimamishe ya kwake kabla ya mavuno. Ogola akasema mashimo ya nguzo atamchimbia yeye. Wakatazamana. Kisha Awino akaangua kicheko, na wote wakacheka, hata Apondi, ambaye meno yake hayakuwa yameonekana siku nyingi.

Akahesabu kwa kidole, kama alivyohesabu kila jioni kwa miaka mitatu. Otiato, Ogola, Awino, shemeji, na yeye mwenyewe. Watu watano, sahani tano, na hapakubaki sahani ya kugawa.

Nanyi mnaonisikia, yule mliyekwisha kumchimbia shimo, ni nani kati yenu aliyekwenda kwanza kumtafuta?