Mipera ya Bwana Shomvi

Katika mtaa ambapo kiwanda cha magodoro kilipakana na nyumba za watu, aliishi Mwajabu, mwanamke mcheshi mwenye mtoto mchanga. Siku moja Bwana Shomvi, mwenye kiwanda, alimjia amenuna.

"Halmashauri inataka ukanda wa miti kati yetu. Nitaumega kwenye uwanja wako. Kipande changu kilicho kati ya ukuta wa kiwanda na uwanja wako nataka kuegesha malori."

Mtoto hakuwa na pengine pa kutambaa. Mwajabu akapiga kigelegele.

"Asante, jirani! Nitapanda mipera. Mapera yote yatakuwa yangu!"

"Yako? Kwa nini?"

"Mti ukiwa kwangu, si tunda langu?"

Bwana Shomvi akakuna kitambi. "Basi miti itakaa kwangu! Malori yatafute pengine."

"Jamani, hata pera moja la mtoto unaninyima?"

"Litakaloanguka kwako ni lako," akasema kwa sauti kubwa, majirani wasikie ukarimu wake.

"Mungu akuzidishie, baba!"

Bwana Shomvi akapanda mipera kwake, na Mwajabu akamsaidia hata kuimwagilia, mtoto mgongoni. Mipera ikakua. Ukuta mrefu wa kiwanda uliizibia jua, kwa hiyo yote ikainamia uwanja wa Mwajabu kufuata mwanga. Mapera yakadondoka huko, pu! pu! Mtoto akayakimbilia kwa vicheko.

Bwana Shomvi akachungulia katikati ya mashina matupu. "Mwajabu! Ulijua?"

"Ningejuaje, baba?" akasema, akimpitishia sahani iliyojaa mapera matamu kuliko yote. "Mimi nilikuwa naanika nepi tu, nikaona jua liko upande gani."