Friji la Chanjo la Kivumbasini

Hakuna aliyewahi kueleza jinsi friji la chanjo lilivyopita kwenye mlango mwembamba wa zahanati ya Kivumbasini. Watu waliliona tu sebuleni kwa Diwani Mbaruku, limejaa soda za harusi ya bintiye. Na chanjo ya surua ilikuwa inaletwa jioni ile ile.

Nesi Sikuzani akaenda huko akitabasamu, akamkuta Diwani na wakwe zake.

"Umefuata friji?" Diwani akamwahi.

"Hata! Harusi bila soda baridi ni aibu, mzee wangu. Naomba kanafasi kadogo tu, niweke vichupa vyangu."

"Vichupa tu?"

"Na ruhusa ya kuja kuvitumia."

Diwani akawageukia wakwe, kifua mbele. "Nyumba hii ni ya wananchi! Njoo wakati wowote."

"Ahsante, mzee. Nitawaambia."

Asubuhi ya harusi Diwani alitoka chumbani na kanzu mpya, akakuta sebule imejaa akina mama na watoto wakilia kwa kila sauti. Kitoto kimoja kilikuwa kimeshakojolea kochi la maharusi.

"Sikuzani! Nini hiki?"

"Kliniki, mzee. Chanjo inafuata friji, na wananchi wanafuata chanjo. Wa mlimani bado wako njiani."

Iliamuliwa pale pale kwamba friji lirudi. Walilibeba Diwani mwenyewe na bwana harusi, kanzu zimekunjwa magotini, huku akina mama wakiwapigia vigelegele. Walipofika kwenye ule mlango mwembamba, Diwani aliwaomba watu wote wageuke.