Mawe ya Chini ya Ndiva

Jiwe la chini halioni jua, nalo ndilo libebalo ukuta. Mmeisikia methali hiyo leo uwanjani bendera ilipokuwa ikipanda, mkawaona wazee wakitikisa vichwa kukubali, na sasa mnataka kujua imetoka wapi. Basi kaeni. Mwenye haraka ya pilau atangulie, sitamkasirikia. Methali hii ilianza hivi.

Hapa kwetu Upare, kama mjuavyo, mashamba hunyweshwa kwa ndiva, lile bwawa la ukuta wa mawe na udongo linalokusanya maji ya kijito usiku kucha. Asubuhi kizibo huchomolewa, maji yakashuka mferejini hadi kwa mwenye zamu. Mwaka mmoja mvua za vuli zilitunyima maji. Mahindi ya kila mtu yalikuwa yakikunja majani, na ya Nakijwa ndiyo yaliyokuwa taabani zaidi, maana shamba lake lilikuwa mwisho kabisa wa mfereji. Alikuwa mjane mwenye watoto wadogo. Asipoyanywesha mahindi yale kabla hayajabeba, watoto wangelala njaa mwaka mzima.

Zamu yake ikaangukia siku ya Uhuru. Kamati ya sherehe, iliyoongozwa na shemeji yake Mbonea, ikamwomba asubiri hadi kesho yake, kwa kuwa siku ya taifa hakuna anayeshika jembe. Nakijwa alitamani kukataa. Lakini alikuwa mtu wa watu, akaona si vizuri kijiji kizima kiimbe naye yuko matopeni peke yake. Akakubali huku roho inamuuma.

Mbonea hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kiherehere tu, na kiherehere cha mtu mwema ndicho kigumu kukizuia. Alitaka mgeni rasmi akute mnara wa Uhuru uwanjani, wa mawe bapa mazuri. Mawe ya namna hiyo aliyaona chini ya ukuta wa ndiva, upande wa nje, yametokeza kama kibaraza. Watu walizoea kuyakalia wakisubiri zamu, na hakuna aliyekumbuka kwamba yana kazi nyingine. Akayang'oa na vijana wenzake. Mnara ukasimama, na tuseme kweli, ulipendeza.

Siku ya sikukuu kizibo hakikuchomolewa, ndiva ikazidi kujaa. Mgeni rasmi alikuwa katikati ya hotuba, akiwashukuru wakubwa mmoja baada ya mwingine, Nakijwa aliposhindwa kutulia. Akatoka kimyakimya, akapanda kuyatazama maji yake. Aliukuta ukuta unatoka jasho. Pale palipong'olewa mawe udongo ulikuwa ukimomonyoka, na maji yameanza kuchuruzika.

Baragumu la msaragambo, yaani la kuitia watu kwenye kazi ya pamoja, lilikuwa limetundikwa kwenye kibanda cha pale. Nakijwa hakuwahi kulipuliza maishani mwake. Alilipuliza vibaya, mlio ukatoka kama wa ng'ombe mgonjwa, lakini Mpare hahitaji mlio mtamu ili ajue kazi inamwita. Watu wakaja mbio na nguo zao za sikukuu. Mbonea alipouona ukuta, alishika kichwa.

"Shemeji, mawe yako kwenye mnara," Nakijwa alimwambia. "Ubomoe."

"Na mgeni je?"

"Mgeni ana mikono."

Uwanja ulikuwa chini kidogo tu ya ndiva. Watu wakajipanga toka kule hadi ukutani, mawe yakapita mkono kwa mkono. Mgeni rasmi alivua koti, akaingia kwenye mstari katikati ya mama muuza vitumbua na kijana mlevi aliyekuwa amefukuzwa sherehe asubuhi. Nakijwa alisimama mwisho, akiyapokea mawe na kuyapanga.

Ndipo Mzee Senkondo, mgawaji wa maji, akamjia.

"Mwanangu, nisipochomoa kizibo ukuta utatushinda. Nikichomoa, maji yatakwenda bila mtu wa kuyaongoza, yatapotelea mashamba ya juu na makorongoni. Ni maji yako haya. Ukitaka, kimbia ukayaongoze. Hakuna atakayekulaumu."

Nakijwa aliangalia bondeni, kwenye mahindi yake. Kisha akaangalia ule mstari wa watu.

"Chomoa, baba," alisema. "Nikiondoka hapa, mstari utakatika."

Kizibo kikachomolewa, maji yakapungua. Walipokwangua matope ili mawe yakae vizuri, udongo wa kale ukaonekana, na juu yake alama za viganja vya watu waliojenga. Vilikuwa vikubwa kwa vidogo, kimoja kimepungua kidole, kingine cha mtoto. Hao waliishi kabla ya bendera yoyote kupandishwa kwenye milima hii. Nakijwa aliweka mkono wake kwenye kiganja kimojawapo, ukaenea sawasawa. Miaka yote amekula mahindi ya watu hawa, na hata siku moja hakuwahi kuwaambia asante.

Ukuta uliposimama imara, jua lilikuwa linaelekea kuzama. Nakijwa aliteremka kufuata mfereji, amejiandaa kuona shamba kavu. Akaona jambo ambalo hakulielewa. Milango ya kuingizia maji mashamba ya juu, mmoja baada ya mwingine, ilikuwa imezibwa kwa udongo mbichi. Wenye mashamba hayo nao mahindi yao yalikuwa yakifa kwa kiu. Alipofika chini, maji yalikuwa yametuama hadi mstari wa mwisho wa mahindi yake. Akalia.

Jioni ile aliuliza nyumba hadi nyumba ni nani aliyeziba ile milango. Huyu alisema si yeye, yule alicheka tu, mwingine akamuuliza kama ngoma bado inaendelea. Kesho yake Mbonea, ambaye kiherehere hakikumwisha, alimfuata akamwambia lazima watu hao watafutwe, ili Uhuru ujao wasimamishwe mbele ya mgeni rasmi na kupigiwa makofi.

"Waache, shemeji," Nakijwa alimjibu. "Jiwe la chini halioni jua, nalo ndilo libebalo ukuta."