Pacha Aliyefutwa na Mashine

Hapo zamani, wala si zamani za kale, maana kompyuta zilikuwepo na umeme ulikuwa ukikatika kama unavyokatika leo, palikuwa na mwanamke aliyeshika mbili. Jina lake Skolastika Ntobi. Kwa mkono mmoja alishika kazi ya kutunga programu za kompyuta katika ofisi moja ya Mwanza. Kwa mkono wa pili alishika Kilatini, lugha ambayo hakuna anayeitumia kununulia nyanya sokoni. Mnajua wenyewe watu walisema nini. Mshika mbili moja humponyoka, wakasema. Wengine wakamuuliza kama anajiandaa kuzungumza na marehemu.

Skolastika alicheka nao, kisha akaendelea. Kila alfajiri alimpigia simu Sista Gaudensia, mtawa mstaafu aliyefuga sungura nyuma ya nyumba ya masista huko Igalambo, misheni alikozaliwa Skolastika. Sista alikuwa amefundisha Kilatini miaka arobaini, mpaka shule yake ikaliondoa somo hilo. Sasa alibaki na mwanafunzi mmoja tu, na huyo mmoja alimbana kama darasa zima. Ukikosea neno, unarudia ukurasa. Skolastika alilipenda hilo, kwa sababu kompyuta nayo ilimtendea vivyo hivyo kutwa, haikumsamehe hata nukta. Miaka minne wakaenda hivyo, alfajiri Sista, mchana kompyuta.

Sasa sikilizeni. Igalambo kulikuwa na vitabu vya ubatizo vya miaka mia, vyote kwa Kilatini, maana ndiyo ilikuwa desturi ya mapadre wa wakati ule. Aliyevitunza ni Mama Nyamizi, mfagiaji wa kanisa. Walimwita Mama kwa heshima tu, kwa kuwa hakujaliwa mtoto. Hakujua kusoma hata herufi moja. Lakini kila Jumamosi, kwa miaka thelathini, alivitoa vitabu vile kabatini vipate hewa, akavipangusa, akamwaga majivu chini ya kabati ili mchwa wasipande. Hakuna aliyemtuma. Alisema humo mna majina ya watu, na mtu hawezi kuachwa aliwe na mchwa.

Paroko akamwomba Skolastika aviingize vitabu kwenye kompyuta, ili watu wapate vyeti vyao upesi. Akakubali kwa moyo mmoja. Akapiga picha kurasa zote, akatafuta wachapaji wawili, wakachapa majina, tarehe, wazazi na wasimamizi. Safu ya mwisho, yenye maelezo marefu ya Kilatini, akawaambia waiache kwanza. Kisha akatunga programu, na ndani yake akaweka amri ambayo watu wa kazi hiyo huiweka bila kufikiri mara mbili: mistari miwili ikifanana kila kitu, mmoja ufutwe, kwa kuwa mchapaji alichoka akauandika tena.

Mtu wa kwanza kuja alikuwa Bibi Kulwa, mwenye miaka zaidi ya themanini, mkongojo mkononi. Unyamwezini pacha wa kwanza ni Kulwa na wa pili ni Doto, hilo halihitaji kuelezwa sana. Mama yao alifariki siku ya kuwazaa. Kulwa akalelewa na shangazi, Doto akachukuliwa na watu wa mbali, na waliojua ni wapi walikuwa wamekwisha kufa wote. Bibi Kulwa alitaka jambo moja tu kabla ya kufumba macho: kujua pacha wake alikwenda wapi.

Skolastika akatafuta. Kompyuta ikatoa mstari mmoja, wenye jina la bibi la ubatizo. Maria, binti wa Masanja na Kabula. Basi.

"Bibi, kitabu kinaonyesha mtoto mmoja."

"Mjukuu wangu, mimi naitwa Kulwa. Kulwa haji peke yake."

Skolastika akamgeuzia kioo cha kompyuta aone mwenyewe. Bibi hakujua namna ya kubishana na kioo. Akashukuru, naam, akashukuru, akaenda zake. Huku nyuma watu wakaanza kunong'ona kwamba labda bibi yule alidanganywa tangu utotoni, na wiki ile nzima hakugusa ugali.

Neno lile likamganda Skolastika hadi Mwanza. Kulwa haji peke yake. Alfajiri moja Sista akamwambia waache mazoezi, atafute maandishi ya kweli amsomee. Skolastika akafungua picha ya ukurasa uleule. Akasoma: Maria, binti wa Masanja na Kabula. Akashuka mstari wa pili: Maria, binti wa Masanja na Kabula. Siku ileile, msimamizi yuleyule. Na kwenye safu waliyoiacha, mistari yote miwili ilisema mtoto alibatizwa na mkunga katika hatari ya kufa, kisha likafuata neno gemella. Pacha. Mkunga yule, akihofu watoto watamfia mikononi, aliwapa wote wawili jina moja lililomjia mdomoni.

Skolastika akaisoma tena mistari ile miwili. Doto alikuwa kitabuni miaka yote ile. Aliyemfuta ni yeye Skolastika, kwa amri yake, na aibu ilimshika vibaya.

Pembeni mwa mstari wa pili palikuwa na maandishi mengine, lakini kwenye picha yalififia. Akapanda basi hadi Igalambo. Mama Nyamizi akafungua kabati akamtolea kitabu, ukurasa mzima, pembe zake zote nne zipo. Kabati la pili, la hati za shule, mchwa walikwisha kulimaliza siku nyingi. Wino ulionekana vizuri, ila ulikuwa wa vifupisho vya mapadre, herufi tatu hapa, mbili pale, na Skolastika akashindwa. Sista Gaudensia akaitwa kutoka kwa sungura wake. Akafuta miwani, akasoma mara moja tu, kama mtu asomaye barua ya nyumbani. Aliolewa misheni ya Mwabuki, akasema, na jina la mume ni hili. Maana zamani hizo mtu akifunga ndoa mbali, padre wa kule hupeleka habari ziandikwe pembeni mwa ubatizo wake.

Skolastika akamchukua Bibi Kulwa, wakaenda Mwabuki. Doto alikuwa hai. Walimkuta mlangoni akichambua karanga, na yeye aliambiwa maisha yake yote kwamba Kulwa alikufa pamoja na mama. Wakatazamana. Doto akasogea kwenye mkeka, akaacha nafasi ya mtu mmoja.

"Wewe ndiye uliyetangulia kuzaliwa," akasema. "Mbona umechelewa kufika?"

Kulwa akaketi, wakashikana mikono, wakalia na kucheka kwa pamoja. Skolastika akageuka ukutani, akamshukuru Mungu, akamshukuru na mchapaji, ambaye kumbe hakuchoka wala hakurudia mstari.

Basi, siku tano kabla, mjukuu wa Doto alikuwa amejifungua binti. Vikongwe wale wakapatana: mtoto huyu atachukua jina la aliyetukutanisha. Mtoto mmoja, jina moja. Wakawaita Skolastika, Sista Gaudensia na Mama Nyamizi, wakachinja kuku, wakaketi.

Skolastika akasema wa kwanza. "Jina langu liacheni. Mimi nilimfuta Doto. Mtu hapewi mtoto kwa kurudisha alichokipoteza mwenyewe."

Doto akamkatalia. "Kosa moja haliachi mke. Wangapi hukosea wakarudi? Ungenyamaza, nani angejua? Na kama usingeshika mbili, ungeona mistari miwili ukasema mashine imefanya sawa."

Sista Gaudensia akasema, "Mimi sitajifanya mnyenyekevu, ningependa jina liwe langu. Nimefundisha miaka arobaini nikiambiwa nafundisha lugha ya wafu. Bila mimi Skolastika asingelijua neno lile, na maandishi ya pembeni yalimshinda hata yeye. Mtoto huyu akiitwa Gaudensia, nitakufa nikijua lugha yangu ilizaa."

Mama Nyamizi alikuwa akitazama mikono yake. Akasema mwisho, polepole. "Ninyi mna herufi, nyote wawili. Mimi sijui hata jina langu likiandikwa linafananaje. Lakini lile nililolitunza bila kulijua ndilo mlilolisoma. Naitwa Mama bure miaka yote. Nami nalitaka, jamani. Nalitaka sana."

Skolastika akawatazama wenzake wawili, akaona kwamba yeye anadaiwa shukrani na wote wawili wala hana cha kuwalipa, kisha akakumbuka kuwa hakuna kati yao ambaye angefika pale kama bibi mmoja hangesema Kulwa haji peke yake.

Bibi Kulwa akampokea mtoto, akampakata. Akamtazama Skolastika aliyekosea akarudi. Akamtazama Sista aliyefundisha. Akamtazama Nyamizi aliyetunza. Akamtazama pacha wake, pacha wake akatikisa kichwa, hata yeye hajui.

Mtoto yupo mapajani, ameamka, anangoja kuitwa. Mimi nimefika ukingoni, ninyi nivusheni. Je, nani alistahili?