Pimbi na Lango la Bwawa

"Hadithi inabisha hodi!"
"Ipite, ikae!"
"Imekuja na nani?"
"Na mdomo wako!"

Basi alikuwapo Pimbi, kazi yake kutunza umeme wa nchi ya wanyama. Mlimani upepo ulizungusha mapangaboi, paneli za sola zilinyonya jua, na umeme wote ulipita kwenye waya mmoja. Ukitumika mwingi kuliko unaoingia, nchi nzima huzimika, pu!

Siku moja, adhuhuri, wingu zito likafunika jua, na upepo ukatulia. Taa zikaanza kupepesa, pe-pe-pe. Katika nyumba iliyopashwa joto kwa umeme, mayai ya Mbuni yalikuwa yameanza kupasuka. Yangepoa, vifaranga wangefia humo. Mbuni alisimama mlangoni, akamtazama Pimbi tu.

Pimbi akatoka mbio, chaka-chaka-chaka. Akamwomba Nungunungu azime kinu, akazima. Akamwomba Ngiri azime pampu, akazima. Akamwomba Nyani azime redio, akanuna, akazima. Taa zikatulia kidogo, kisha zikafifia tena.

Likabaki bwawa. Maji yake yangezungusha mitambo mara moja, lakini Kiboko alikuwa amelalia gurudumu la kufungulia lango, na hapakuwa na wa kumsogeza. Pimbi akambembeleza. Kiboko akasema hafungui mpaka apewe bonde lote la chini, ale peke yake.

Bonde lenyewe lilikuwa vumbi tupu tangu Kiboko azuie maji. Pimbi akajikaza, akainama kwa adabu.

"Bonde ni lako, Mzee. Ila utakula vumbi?"

Kiboko akauliza, "Likipata maji?"

"Majani yataota. Lakini bonde lako, maji yako. Mimi sisemi kitu."

Kiboko akainuka, akalizungusha gurudumu. Ngwaaa! Maji yakaporomoka, mitambo ikanguruma, taa zikawaka sawasawa. Kule nyumbani Mbuni akasikia pi, pi, pi.

Kiboko akateremka bondeni kuyalinda majani yake, hata kabla hayajaota. Pimbi akapanda, akakaa penye gurudumu. Toka hapo jua likiwaka na upepo ukivuma, analifunga lango. Wingu likija, analifungua. Siku moja Kiboko akarudi kudai mahali pake. Pimbi akamuuliza kwa upole ni nani aliyebaki kulinda majani ya bonde. Kiboko akageuka, akashuka mbio, gudu-gudu-gudu.

Hapo hadithi yangu imevua viatu, imelala. Na funzo lake, watoto wangu, ni hili: wakubwa wana huruma sana. Ukiwaomba vizuri, hawakunyimi kitu.